Kuunga faiba ya plastiki katika nyumba ya mawe

Wiki iliyopita niliitwa Mkomani, hapa Lamu. Seremala alikuwa akirekebisha kizingiti, msumeno ukaukata waya mweusi mwembamba wa faiba ya plastiki, uzi unaopitisha intaneti kwa mwanga, niliokuwa nimeupitisha pale, na intaneti ya ghorofani ikakatika. Nilipofika nikakuta kuna aliyenitangulia: alikata ncha zote mbili kwa koleo, akazikutanisha, akazungushia utepe wa mafundi umeme.

Nilizifungua nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Zilikuwa nyeupe kama chembe za chumvi, zimepondeka hadi kuwa na umbo la yai. Koleo haliukati uzi wa plastiki, huubana mpaka upasuke, na mwanga ukifika kwenye nyufa hizo hutawanyika pande zote.

Faiba hii naipenda sana kwa nyumba zetu. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, Wi-Fi ya chini haifiki juu. Mji wa kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwemo, nisingethubutu kuchimba ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za miaka na miaka. Waya wa shaba nao, chumvi ya bahari huzila pini zake zikaota kutu ya kijani. Plastiki haili kutu, haipitishi umeme, na hupita kando ya boriti bila mtu kuiona.

Faiba ya kioo inayoletwa na kampuni za intaneti ina kiini, yaani sehemu ya katikati inayopitisha mwanga, cha mikromita 9 tu (mikromita elfu moja ni milimita moja), na kuiunga vizuri kunataka mashine ya kuchomea. Uzi wa plastiki una unene wa milimita 1, na karibu wote ni kiini. Ndiyo maana mkono uliotulia unatosha.

Lakini kuna gharama. Kila mita ya uzi huu hupoteza desibeli (kipimo cha kufifia kwa mwanga) 0.15 hadi 0.2 za mwanga mwekundu. Kioo, kwa mwanga wake usioonekana, hupoteza takriban kiasi hicho katika kilomita nzima. Kiungo cha mkono mara nyingi hula desibeli 1 au zaidi, sawa na kuongeza mita tano hadi saba hivi za waya. Kwa hiyo ukiwa na waya mpya wa kutosha, badilisha wote. Mimi sikuwa nao siku hiyo.

Nilikata upya kwa wembe mpya, mkato mmoja wa kushuka wima, uzi umelala juu ya ubao. Wembe uliokwisha kutumika huacha mikwaruzo. Nikamenya ganda milimita 7 hivi, nikausukuma uzi ndani ya kiunganishi mpaka ukachomoza kidogo, nikakibana.

Kazi yenyewe ni kusugua. Msasa namba 600 kwanza, juu ya kioo cha dirisha ili uwe bapa kabisa, kiunganishi kimesimama wima, mkono ukichora nane polepole mpaka uzi ulingane na plastiki inayoushika. Kisha karatasi laini ya mikromita 3, nane zile zile, bila kukandamiza. Weupe huondoka taratibu, na ghafla ncha inang'aa kama jicho la samaki mbichi. Hapo simama. Futa kwa kitambaa kikavu safi. Tina ya rangi na petroli zisiguse, huipasua plastiki.

Ncha zote mbili nikazikutanisha ndani ya kibomba cha kuungia mpaka zikagusana. Zikiachana, hata kidogo, kila uso hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga.

Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba. Nikaelekeza ncha ya upande wa pili kiganjani mwangu, doa jekundu likatokea.

"Mwanangu, hauchomi huo?"

"Hauchomi, bibi. Ni mwanga mtupu."

Akanyosha kiganja chake naye, nikamwekea doa. Ila wa kioo msiujaribu hivyo: mwanga wake hauonekani, na unaweza kudhuru jicho.

Kabla ya kuondoka niliuhamisha waya kutoka kizingitini, nikaupandisha juu ya mlango. Pale konani niliuzungusha kwa upana, nusukipenyo zaidi ya milimita 25, maana ukikunjwa zaidi ya hapo mwanga huvujia ubavuni.