Chanjo za mRNA: watu wanahofia itadumu, wataalamu wanahangaika haidumu

Anayefanya kazi maabara na mRNA, aina ya RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, huvaa glavu, na kwa kiasi kikubwa si kwa ajili ya kujikinga yeye. Anaikinga mRNA na vidole vyake. Ngozi ya binadamu imejaa vimeng'enya vinavyokata RNA vipande vipande, kwa hiyo ukishika ncha ya kifaa kwa mkono mtupu, kazi ya siku nzima inaweza kwenda na maji. Meza hufutwa kwa dawa maalumu na vifaa vya RNA havichanganywi na vingine.

Naanza na hili kwa sababu karibu kila uvumi kuhusu chanjo za mRNA, kama zile za korona, unaichukulia mRNA kuwa kitu sugu, kikiingia mwilini kinaota mizizi. Kwa walioitengeneza, kero ya zaidi ya miaka 30 imekuwa kinyume chake: ifikeje kwenye seli kabla haijasagwa?

"Inabadilisha DNA ya mtu"

DNA hukaa ndani ya kiini cha seli. Seli ikitaka kutengeneza protini fulani, hunakili kipande kinachohusika, na nakala hiyo, yaani mRNA, hutoka nje ya kiini hadi kwenye ribosomu, ambako protini huundwa. Chanjo hupeleka nakala iliyokwisha kuandikwa moja kwa moja kwa ribosomu. Kiini haikihitaji. Ili iguse DNA ingebidi iingie humo, igeuzwe kuwa DNA, kisha ipachikwe. Virusi vya UKIMWI hufanya hivyo kwa sababu vinakuja na vimeng'enya vyake vya kugeuza na kupachika. Chanjo haina hata kimoja.

Kuna jambo wakanushaji wengi hulikwepa, nami naona ni kosa. Seli zetu zenyewe zina kimeng'enya kinachoweza kugeuza RNA kuwa DNA, na mwaka 2022 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba kwenye seli za saratani ya ini zilizokuzwa maabara, kipande cha mRNA ya chanjo kiligeuzwa hivyo. Hawakuonyesha kwamba kilipachikwa kwenye DNA ya seli, wala kwamba jambo hilo hutokea ndani ya mtu aliyechanjwa. Utafiti unasema kiasi hicho, si zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye suala la muda. Watu waliambiwa mRNA hutoweka baada ya siku mbili tatu, na kwa sehemu kubwa ndivyo. Lakini mwaka huo huo wa 2022 utafiti mwingine ulikuta mabaki yake kwenye tezi za limfu za kwapani hadi siku 60 baada ya dozi ya pili. Si ajabu sana, kwa kuwa tezi hizo ndiko kinga ya mwili hupata mafunzo yake. Ila aliyeahidiwa siku mbili akisoma siku 60 ana haki ya kuuliza alidanganywa nini kingine.

"Ilipikwa ndani ya mwaka mmoja"

Mfuatano wa jeni za kirusi cha korona ulitolewa hadharani Januari 2020, na Uingereza ikaidhinisha chanjo ya Pfizer na BioNTech tarehe 2 Desemba mwaka huo huo. Ukianza kuhesabu hapo, utaona haraka ya kutisha. Anza basi mwaka 1990, watafiti wa Wisconsin, Marekani, walipochoma mRNA tupu kwenye misuli ya panya na misuli ikatengeneza protini iliyoandikwa humo. Kikwazo kikajitokeza mapema: mwili huona RNA ngeni kama dalili ya uvamizi na kuwasha moto wa uvimbe. Mtafiti Katalin Karikó alishikilia suala hili hata baada ya kushushwa cheo chuoni mwaka 1995. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Drew Weissman walionyesha kwamba herufi moja ya RNA, uridini, ikibadilishwa kidogo, mwili hautaharuki tena kama mwanzo. Nobeli ya tiba iliwafikia mwaka 2023.

Na ile protini ya miiba ya korona, ambayo chanjo huufundisha mwili kuitambua? Njia ya kuikaza isibadilike umbo, kwa kubadili asidi amino (matofali ya protini) mbili tu, ilikwisha kuchapishwa mwaka 2017 kutokana na kazi ya kirusi cha MERS, jamaa wa korona. Kilichobaki mwaka 2020 kilikuwa kuandika ujumbe mpya, kuujaribu kwa makumi ya maelfu ya watu, na kupata fedha za kufanya hatua kadhaa kwa pamoja.

Anayedhani mRNA yoyote ingefaulu aitazame kampuni ya CureVac ya Ujerumani. Chanjo yake ya kwanza ya korona ilitumia uridini ya kawaida, ile inayouharukisha mwili, dozi ikawa mikrogramu 12 tu, wakati Pfizer walitumia 30 na Moderna 100. Mwaka 2021 matokeo yalitoka: ufanisi wa takriban asilimia 48. Iliachwa.

"Kilichovumbuliwa ni mRNA, yale mafuta ni kifungashio tu"

Hii huwaponyoka hata waandishi wa sayansi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mafuta hayo ndiyo chembe ndogo inamofungwa mRNA ya chanjo. mRNA ina chaji hasi, na utando wa seli nao umeelemea hasi, kwa hiyo vinasukumana. Mafuta yenye chaji chanya yangeibeba, na yalijaribiwa zamani, lakini mafuta ya aina hiyo hudhuru seli.

Suluhisho lilikuwa mafuta yenye tabia ya kinyonga. Kwenye asidi yana chaji chanya, kwa hiyo kiwandani yanaikumbatia mRNA. Kwenye damu, ambayo si asidi, yanapoa na kukosa chaji. Seli ikishaimeza chembe hiyo ndani ya kifuko, kifuko huanza kugeuka asidi ili kiyeyushe kilichomo. Hapo mafuta yanapata tena chaji chanya, yanatoboa ukuta wa kifuko, na mRNA inachoropoka. Sehemu ndogo tu hufanikiwa kutoka, nyingine husagwa humo humo. Pembeni kuna kolesteroli na fosfolipidi (mafuta ya kawaida ya utando wa seli) za kuimarisha umbo, na mafuta yenye mikia ya kemikali iitwayo PEG yanayozuia chembe zisigandane. Chembe nzima ina kipenyo cha takriban nanomita 100. Mafuta ya jamii hii yalishaidhinishwa Marekani mwaka 2018, kwenye dawa ya ugonjwa wa kurithi wa neva, kabla mtu yeyote hajasikia habari za korona.

Udhaifu wa chembe hizi ulionekana hata mezani kwa mchanjaji. Kichupa cha kwanza cha Pfizer kilikaa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kikishayeyuka, ulikigeuza juu chini mara 10, polepole, ukaongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi, ukakigeuza tena mara 10. Kutikisa kulikuwa marufuku, maana vipovu vya mafuta vinaweza kupasuka au kushikamana. Baada ya hapo ulikuwa na saa 6, na kilichobaki kilitupwa. Kitu cha namna hii ndicho kinachosemekana kukaa mwilini maisha yote.

"Chanjo hizi mpya zote ni kitu kimoja"

Sivyo. AstraZeneca na Johnson & Johnson walitumia adenovirusi (jamii ya virusi vya mafua ya kawaida) iliyoondolewa uwezo wa kuzaliana kubeba DNA, na DNA hiyo huingia kwenye kiini, ingawa haikuundwa kujipachika. Chanjo ya Ebola, Ervebo, hutumia kirusi kingine kilicho hai, kilichovishwa protini ya Ebola, na kazi yake yote hufanyika nje ya kiini. India iliidhinisha chanjo ya DNA tupu, ZyCoV-D, mwaka 2021, inayopenyezwa kwenye ngozi bila sindano. Hata madhara adimu yanatofautiana: damu kuganda pamoja na upungufu wa chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) kulihusishwa na zile za adenovirusi, na uvimbe wa misuli ya moyo na zile za mRNA, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Ni madhara ya kweli, na yamethibitishwa.

"Asilimia 95 maana yake watu 5 kati ya 100 wataugua"

Katika jaribio la Pfizer watu 170 waliugua: 162 kutoka kundi lililopewa maji ya chumvi, na 8 kutoka kundi la chanjo. Asilimia 95 imetokana na kulinganisha 8 na 162, yaani waliougua kwenye kundi la chanjo walikuwa pungufu kwa asilimia 95, na makundi hayo yalikuwa na maelfu ya watu kila moja.

"Sasa malaria na UKIMWI kwisha kazi"

mRNA ni tarishi. Hupeleka barua haraka, lakini lazima mtu awe anajua cha kuandika. Kwa korona kilijulikana: mwiba. Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000 na hubadili sura kila hatua ya maisha yake, ndani ya mbu, ini na damu. VVU hujifunika sukari na kujigeuza kila vinapozaliana, na kinga inayoweza kuvikabili inahitaji kufundishwa kwa mlolongo wa chanjo tofauti, kila moja ikiendeleza ilipoachia iliyotangulia. Majaribio madogo ya mRNA ya kuanzisha mlolongo huo yalianza Rwanda na Afrika Kusini mwaka 2022. Kinga iliitikia hatua ya kwanza. Baadhi ya washiriki katika utafiti wa aina hiyo walipata pia vipele vya kuwasha, na hilo likaanza kuchunguzwa huku hatua zinazofuata zikitayarishwa.