Maziwa yako yanaishia tumboni

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri, kijana mmoja kutoka upande wa Kahe aliletwa kwa bajaji akiwa amelazwa mapajani mwa mjomba wake. Alikuwa anapiga dawa kwenye vitunguu tangu asubuhi, kifua wazi kwa sababu ya joto, bomba la mgongoni linavuja. Mate yanamchuruzika, jasho limelowesha kiti, mboni za macho zimenywea kama tundu la sindano, kifua kinakoroma. Mjomba akaniambia kwa uhakika kabisa: "Daktari, maziwa tumeshampa. Lita mbili, ya ng'ombe wetu mwenyewe. Tulikuwa tunasubiri yafanye kazi."

Walisubiri masaa matatu.

Kijana amepona. Tulimpa atropini tukiongeza dozi maradufu kila baada ya dakika tano mpaka kifua kikakauka, kisha tukakesha naye. Lakini yale maziwa aliyatapika njiani akiwa nusu usingizi, mengine yakaingia kwenye mapafu, na nimonia iliyofuata ndiyo iliyomweka wodini siku zote hizo, wala si dawa ya vitunguu.

Nimelisikia hili la maziwa, kwamba ukiyanywa yanakata sumu, kwa wapaka rangi, kwa wachomeleaji, kwa mabinti wa saluni, kwa vijana wa mashamba ya maua kule Arusha. Nimelisikia pia kwa wahudumu wa afya wenzangu, na hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Basi leo naandika yote.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Tunasema maziwa "yanakata" sumu, kama yanavyokata pilipili. Na pilipili yanaikata kweli: protini ya maziwa inaukamata ule ukali na kuuondoa ulimini. Yanafanikiwa kwa sababu pilipili iko mdomoni, na maziwa nayo yako mdomoni. Yule kijana sumu yake iliingilia mgongoni. Viuatilifu vya kundi la organofosfeti vinapenda mafuta, na ngozi imejaa mafuta. Ukiongeza jasho na joto la Kahe vinapenya kwa raha. Kutoka kwenye ngozi vinaingia kwenye damu, kutoka kwenye damu vinafika kwenye neva. Maziwa yanaishia tumboni. Hawa wawili hawakutani.

Na hata aliyemeza, maziwa hayana wema tunaoyapa. Yapo makundi ya sumu yanayoyeyuka kwenye mafuta, na kumnywesha mtu mafuta ni kuzirahisishia njia. Tumbo lililojaa linatapika. Anayetapika huku fahamu zinapotea anavuta matapishi kwenye mapafu.

Organofosfeti nazipitia haraka. Zinakiziba kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ile kemikali inayobeba ujumbe wa neva, neva zinabaki zinapiga kelele bila kunyamazishwa, mtu anazama kwenye makohozi yake mwenyewe. Zina athari ya oksidishaji pia, lakini sicho kinachoua siku ya kwanza. Nalisema hili kwa sababu siku hizi kila sumu inaelezwa kwa "radikali huru", halafu kila anayeeleza anatoa kopo la vidonge chini ya meza.

Sasa oksidishaji wenyewe. Waliokulia kwenye kihamba wanaujua mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji kutoka mlimani mpaka migombani. Hakuna mfongo usiovuja. Kingo zinavuja kidogo kidogo, na kazi ya wenye zamu ni kuzunguka wakiziba. Ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, kuna mfongo wa elektroni: zinateremka kutoka kimeng'enya kimoja hadi kingine, na mwishoni zinapokelewa na oksijeni na kuwa maji. Chache zinavuja njiani. Oksijeni inayodaka elektroni moja iliyovuja inaitwa supaoksidi, na mwili una watu wake wa zamu: kimeng'enya kinachoigeuza kuwa peroksaidi ya haidrojeni, ambacho watafiti McCord na Fridovich walikitambua mwaka 1969, kisha katalesi na glutathioni zinazoimaliza hiyo peroksaidi. Wakizidiwa, peroksaidi inakutana na chuma au shaba na kuzaa radikali ya haidroksili. Hiyo haichagui. Inagonga chochote kilicho jirani: mafuta ya utando wa seli, protini, DNA.

Kwenye mafuta ndiko kubaya zaidi, kwa sababu molekuli moja iliyogongwa inaigonga ya pili, ya pili inaigonga ya tatu. Samli iliyosahaulika kabatini ikachacha imepitia kemia hiyohiyo. Sasa fikiria kuchacha huko kukitokea kwenye utando wa seli ya pafu la mtu aliye hai, anaongea na wewe.

Nimetaja pafu kwa makusudi. Watu wanadhani sumu inatapakaa mwilini sawasawa, kama chumvi kwenye mchuzi. Hapana. Kila sumu ina mlango wake. Parakwati, ile dawa ya kuua magugu, ndiyo inayonifundisha hili kila mara. Wengi niliowaona wameinywa kwa bahati mbaya, kutoka kwenye chupa ya soda iliyojazwa dukani na kuwekwa kwenye kona ya jiko. Seli za vifuko vya hewa zina mlango wa kuingizia vitu viitwavyo poliamini, na kwa umbo parakwati inafanana navyo. Mlango unafunguka. Pafu linaivuta kutoka kwenye damu hadi linakuwa nayo nyingi kuliko damu yenyewe. Ndani, parakwati inachukua elektroni moja, inaikabidhi kwa oksijeni, inabaki vilevile ilivyokuwa, inarudi kuchukua nyingine. Haichakai. Inavuta elektroni kutoka kwenye akiba ambayo seli ingeitumia kuihuisha glutathioni yake, kwa hiyo inabomoa kingo na wakati huohuo inawanyang'anya wenye zamu majembe.

Hapa naomba mnisikilize, kwa maana hapa ndipo ninapogombana na ndugu za wagonjwa. Mgonjwa wa parakwati anahema. Ndugu wanaona mtungi wa oksijeni upo pembeni, hatumwekei. Wanafoka, wengine wanalia, mzee mmoja alinishika ukosi wa koti. Ninawaelewa, kwa sababu kila mahali pengine hospitalini kumnyima oksijeni mtu anayehema ni ukatili. Lakini kwenye sumu hii oksijeni ndiyo inayopokea elektroni. Ukiongeza oksijeni kwenye pafu lenye parakwati unaongeza supaoksidi, na pafu linaharakishwa kuelekea kwenye makovu. Tunaizuia mpaka kiwango cha oksijeni kwenye damu kishuke sana hivi kwamba hatuna namna, ndipo tunatoa kidogo. Hewa hiihii uliyoivuta ukisoma sentensi hii, kwake ni sumu ya pili. Dawa ya kuipinga parakwati haipo. Tunampa mkaa maalumu wa hospitali, tunampa maji, tunampunguzia maumivu.

Ini lina mlango mwingine. Parasetamoli iliyozidi inageuzwa na ini lenyewe kuwa kitu kikali, glutathioni inakikamata, na glutathioni ikiisha kitu hicho kinajibandika kwenye protini za seli, mitokondria zinaanza kuvuja na ini linakufa. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Msimsubiri augue. N-asetilisisteini inalirudishia ini malighafi ya glutathioni, na inafanya kazi vizuri sana ikianza ndani ya saa 8. Chembe nyekundu za damu nazo hazina mitokondria hata moja. Ulinzi wao karibu wote unategemea kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huku kwetu kwenye malaria watu wengi, hasa wanaume, wamezaliwa nacho pungufu. Mtoto wa aina hiyo akifunikwa blanketi lililohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuzia nondo (naftalini), anaweza kugeuka manjano na chembe zake zikapasuka.

Sasa wauza antioksidanti, ambao wamehamia kwenye simu za mama zetu. Hoja yao ni kwamba kama oksidishaji ndiyo ubaya, basi meza kinyume chake. Finland walijaribu kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994: waliopewa beta-karotini, mojawapo ya hizo antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Na chembe nyeupe za damu hutengeneza supaoksidi kwa makusudi, ndiyo silaha yao ya kuulia bakteria. Wapo watoto wanaozaliwa bila uwezo huo na wanaandamwa na majipu na maambukizi tangu utotoni. Mfongo uliozibwa kabisa hauna faida kwa mgomba.

Nikiri na mimi ninachokitilia shaka. Kwa parakwati na parasetamoli ushahidi uko wazi. Lakini katika nusu ya mambo tunayowafundisha wanafunzi, sina hakika kama oksidishaji ndio moto wenyewe au ni moshi tu, kwa kuwa seli inayokufa kwa sababu yoyote ile inavuja elektroni. Kipimo kinachotumika sana maabara, kile cha malondialdehaidi (mabaki ya mafuta yaliyochacha), kinashika na vitu vingine visivyohusika. Mimi mwenyewe ninawapa wagonjwa wa parakwati N-asetilisisteini, na siwezi kumtazama ndugu yeyote machoni nikamwambia ushahidi unasema itasaidia.

Nikiri na la maziwa. Aliyemeza fluoridi sasa hivi, maziwa yana kalisi inayoikamata tumboni, tunayatumia. (Fluoridi ya maji ya chini ya Mlima Meru, iliyokwisha kukaa kwenye meno na mifupa, ni habari nyingine, haing'olewi na maziwa.) Na mrututu pia, ile chumvi ya buluu ya shaba: shaba inajishika kwenye protini, ndiyo maana vitabu vya zamani viliagiza maziwa au ute wa yai kwa aliyeumeza. Nashuku imani yetu ilitokea hapo. Babu zetu kwenye kahawa walipiga shaba dhidi ya chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, na kwa sumu hiyo, ikiwa tumboni, ushauri wao ulikuwa na maana. Kisha bomba likabaki lilelile, rangi ya buluu ikaondoka, kilichomo ndani kikabadilika kabisa, na ushauri haukubadilika.

Kwa hiyo, aliyemwagikiwa: mvueni nguo zote palepale shambani, aibu iwekwe kando. Mwogesheni kwa sabuni na maji mengi, nywele na chini ya kucha, na anayemwogesha avae glavu. Kama amelegea, mlazeni ubavu. Msimtapishe, msimnyweshe kitu, mleteni, na mje na chupa yenyewe hata kama lebo imebanduka, kwa maana mimi nikijua ni parakwati au ni organofosfeti nitafanya mambo mawili yanayopingana.

Jana mjomba aliniuliza kama zile nguo zinafulika. Suruali, ndiyo, peke yake, kwa sabuni, mara mbili au tatu. Mkanda na viatu vya ngozi, hapana. Ngozi ya ng'ombe inainywa sumu kama ilivyoinywa ya kijana, na haiitoi. Nilimwambia avifukie. Akaniambia kijana ameshavivaa.