Shem, hiyo sio meli ya Bukoba: uongo na ukweli kuhusu vitanda na usafi wa kabini

Nimetandika vitanda kwenye meli za kitalii miaka sita kabla sijarudi zangu Mwanza, na tangu nirudi maswali ni yaleyale kila nikikaa kijiweni, ila wiki hii yamezidi maana shemeji yangu wa Buswelu kaka yake aliyeko Marekani kawalipia safari ya meli ya kitalii ya siku saba kutokea Miami. Watu watano: shem na dada yangu, bibi, binti wa miaka tisa na dogo wa miaka minne. Jana kaja na picha kwenye simu, kashapanga nani analala wapi, na karibu kila alichopanga sicho. Kwaiyo naandika hapa asije akasema sikumwambia.

Kwanza hii ya "nshalala sana meli ya Bukoba, kabini ni kabini tu". Aisee hapana. Ile unapanda usiku Mwanza, mnapita Kemondo, asubuhi uko Bukoba, kitanda umekikuta kimefungwa pale na umekiacha palepale, hata kama ulilala umekunja miguu ni usiku mmoja unavumilia. Hii unaishi humo wiki nzima na vitanda vyenyewe vinahama.

Shem anasema wamepewa sita kwa sita, kaiona kwenye picha. Ukweli ni kwamba hiyo sita kwa sita kwenye meli nyingi ni vitanda viwili vya mtu mmoja vimesukumwa vikakutana. Tulikuwa tunatoa kale kameza ka katikati, tunasukuma, tunafunga miguu ya vitanda isiachane meli ikiyumba, juu ya ule mfereji wa kati tunalaza pedi ndefu alafu shuka moja kubwa inafunika kila kitu. Mgeni hajui mpaka apitishe mkono. Kwaiyo bibi na binti wakitaka kila mtu na chake inawezekana kabisa, tena bure, ila useme wakati wa kubuku tiketi, au mchana ule mnapanda. Siku hiyo wageni wa zamani wanashuka asubuhi na wapya wanaanza kuingia mchana, stewadi mmoja, yaani mhudumu wa kabini, ana vyumba kumi na tano na zaidi vya kugeuza katikati hapo, sasa wewe ukija kumwambia saa nne usiku utenganishiwe vitanda na masanduku yako matano yamejaa sakafuni, atafanya, ila utaona uso wake.

Alafu hii ndo kubwa. "Tuchukue kabini moja tujibane, dogo si atalala na mama yake." Kwetu mtoto kulala na mama ni jambo la kawaida, hakuna anayehesabu. Meli inahesabu. Kabini ikiandikwa watu wanne ni wanne, hata kichanga cha miezi nane ni mtu kamili kwenye hiyo hesabu, na kabini nyingi za kawaida mwisho wake ni huohuo wanne, za watano zipo ila ni chache na zinawahiwa. Chukulia meli ya kitalii Icon of the Seas iliyoanza kazi 2024, ukihesabu wawili wawili kwa kila kabini inabeba abiria 5,610, lakini vitanda vya juu na masofa yote yakijaa wanafika 7,600. Tofauti ya watu karibu elfu mbili hiyo ni watoto na mabibi kwenye vitanda vya nyongeza, na kila mmoja wao lazima awe na nafasi yake kwenye vyombo vya kujiokolea. Ndo maana kuna wakati kabini ina vitanda vinne kabisa vinaonekana na bado kampuni inakataa kuuza cha tatu na cha nne, upande ule wa meli umeshafika idadi. Mtu wa Mwanza sina haja ya kumweleza kwa nini chombo kisizidishe watu, Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama, tunaijua wote. Nimemwambia shem achukue kabini mbili zenye mlango wa katikati, na awe makini, kabini za jirani tu sio zenye mlango wa katikati, ni maneno mawili tofauti na wengi wanalia hapo.

Kitanda cha juu. Watu wanadhani ni dabodeka ya bweni. Kinashushwa kutoka darini au ukutani, kina ngazi na kizuizi cha pembeni, mchana kinarudishwa juu hukioni. Shem alishampangia dogo wa miaka minne apande huko "maana ni mwepesi". Kampuni nyingi haziruhusu mtoto chini ya miaka sita kulala juu, na mimi mwenyewe nisingemweka, meli ikipiga wimbi usiku mtoto anashuka kwenda chooni na usingizi wake... hapana. Juu apande binti wa miaka tisa, atafurahi mwenyewe. Bibi juu usithubutu.

Sofa la kukunjua ni zuri, ila piga picha: kabini ya kawaida ni kama mita za mraba 15 hadi 18, choo kikiwa humohumo, yaani chukua chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi ongeza choo na kibaraza cha ndani, basi umemaliza. Sofa likifunguka mara nyingi sakafu inaisha, kwenda kwenye balkoni unaruka miguu ya mtu. Kwa mtoto mchanga kuna kitanda chake cha kukunja, wanakileta bila hela ila unakiomba mapema, haviko vingi.

"Usafi wanafanya asubuhi na jioni." Ilikuwa hivyo, kampuni nyingi zimepunguza. Kampuni ya meli ya Norwegian mwaka 2023 ilipeleka kabini za kawaida kwenye mara moja kwa siku, na sio yenyewe tu. Kwaiyo yule tembo wa taulo, ile taulo stewadi anaikunja umbo la tembo anaiacha kitandani, usimwahidi dogo kila jioni. Na hapa vitanda vinaingia tena: kama stewadi anakuja mara moja tu, muulize siku ya kwanza nani anashusha kitanda cha juu usiku na nani anarudisha, au mkubaliane kibaki chini wiki nzima.

Sasa ya kutapika. Kuna mama mmoja, meli siitaji, mtoto wake alitapika usiku, yeye kwa aibu akafuta na taulo zetu nyeupe, akazikunja vizuri akazisukuma chini ya kitanda nyuma ya begi. Nilizikuta kesho yake mchana kwa harufu, nimepiga magoti, mkono umeshaingia. Watu wanaona kuficha ndo ustaarabu, kumbe kama ni norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha, hapo umeisambaza korido nzima. Piga simu, hata saa tisa usiku, wanakuja watu na dawa yao maalumu na hakuna atakayekucheka. Na ile jeli ya spiriti ya mlangoni haimwezi vizuri huyo kirusi, mkono uoshwe kwa sabuni na maji.

Choo nacho kinavuta kwa hewa, ukitupa pampasi au zile tishu za kufutia watoto unaweza ukaziba chako na cha majirani. Pasi na hita ya kuchemshia maji acha nyumbani, vitachukuliwa mlangoni kwa sababu ya moto. Dada alishafunga hita kwenye begi!

Tipu? Kwenye meli nyingi za soko la Marekani inakatwa kila siku kwenye akaunti yenu, kwa kila kichwa, mara nyingi hata mtoto, kwaiyo shem asishtuke siku ya mwisho. Ila stewadi sio yaya, msimwachie dogo "dakika tano tu".

Mabegi yakishafunguliwa yaingie chini ya kitanda, kuna nafasi ya kutosha. Na kuta za kabini karibu zote ni za chuma, nunueni vile vining'inizio vya sumaku, kofia na taulo za kuogelea mnatundika humo. Shem kaniuliza vinauzwa wapi Mwanza. Nimemwambia ajaribu mjini, akikosa nina vyangu vinne kwenye boksi, ila virudi.