Steringi Hafi, Lakini Mkono Huvunjika

Ukipita mitaani Nakuru na begi la mazoezi, mkanda ukichungulia kwenye zipu, swali ni lile lile: "Wewe unaweza kupiga watu wangapi kwa mpigo?" Watoto wao huuliza kama ninaweza kuruka ukuta. Siwalaumu. Wengi wetu karate tuliijulia kwenye vibanda vya video, tumebanana kwenye benchi, pazia jeusi dirishani, sauti ya DJ Afro ikitueleza kwa Kiswahili cha mtaani nani ni steringi na nani ni adui kabla hata hawajashikana. Muvi hizo bado nazitazama, na sasa nazipenda kuliko zamani. Ila tangu nianze kujifunza karate nimegundua kwamba sinema ina mtu mmoja inayemficha kila mara, naye ni yule anayepigwa. Karibu kila uongo ninaousikia kuhusu mchezo huu unatoka hapo.

"Aliyefunzwa vizuri anamudu watu kumi"

Chukua pambano lolote la namna hiyo ulirudie, lakini safari hii usimtazame steringi. Watazame wale wa nyuma. Mmoja anarusha miguu hewani pale pale alipo, mwingine amelinyanyua panga na halishushi, wa tatu anazunguka kana kwamba amepoteza kitu. Wote wanasubiri zamu. Kila mmoja anajua ataingia baada ya nani, atapigwa wapi na ataangukia upande gani, na kabla ya kamera kuwashwa wamefanya mazoezi hayo mara nyingi.

Katika filamu ya mwisho ambayo Bruce Lee aliikamilisha, iliyotoka 1973, mmoja wa waliokuwa wakichapwa alikuwa kijana ambaye hakuwa hata na miaka 20. Jina lake Jackie Chan. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi fimbo ya Lee ilivyompata kichwani kwa bahati mbaya, Lee akaendelea kuigiza mpaka mwelekezi alipositisha. Hiyo ndiyo kazi ya anayepigwa. Teke la steringi lina nguvu kadiri yule mwingine anavyojua kuruka kinyumenyume, kugeuka hewani na kutua bila kuvunjika. Ukimweka mtu asiyejua kuanguka, hata teke zuri namna gani litaonekana kama mtu amejikwaa.

Kwenye mazoezi yetu, sensei, yaani mwalimu wetu, akitaka kutuondolea ndoto hizo, huwaita wawili wakuvamie pamoja. Huhitaji kumi. Ukimgeukia wa kwanza, wa pili ameshakushika kiuno, na wote watatu mko chini mkihema. Anachofundisha hapo ni jinsi ya kuzunguka ili mmoja amzibe mwenzake, huku miguu yako ikisogea kuelekea mlangoni. Habari ya kuwashinda wote wawili haizungumzwi kabisa.

"Mpige kisogoni atalala, akiamka yuko sawa"

Hii ndiyo inayoniudhi, kwa sababu vijana huijaribu. Kwenye muvi mlinzi wa geti anakatwa kisogoni kwa ukingo wa kiganja, anajinyoosha chini kama mtoto aliyeshiba uji, steringi anamaliza shughuli zake zote, na baada ya nusu saa mlinzi anaamka akijipapasa shingo.

Ubongo haulazwi hivyo. Ukitikisika ndani ya fuvu mtu anaweza kuzirai, ni kweli, lakini kwa kawaida ni sekunde chache, pengine dakika. Akiamka huwa amechanganyikiwa, hakumbuki kilichotokea, anahisi kichefuchefu. Aliyezirai kwa muda mrefu kuliko huo hajalala: ameumia vibaya na anahitaji daktari sasa hivi. Na kuna lile la hatari zaidi, mtu kuinuka, kuongea, hata kucheka, kumbe mshipa umepasuka na damu inajikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, ulimi ukawa mzito, hapo hakuna cha kumwagia maji wala kumwambia apumzike kidogo. Ni hospitali.

Wakenya tunao mfano ambao haukutungwa na mtu. Robert Wangila alishinda dhahabu ya ndondi Seoul 1988, na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeipata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Mwaka 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake. Wangila alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Alikuwa wima, anaongea, anabisha. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo alianguka, na hakupona. Huyo alikuwa bingwa wa Olimpiki aliyezoea ngumi maisha yake yote, akiwa na refa pembeni na glavu mikononi. Sasa wewe unataka kumjaribia mwenzako kisogoni kwa mzaha.

"Ngumi moja ya taya, basi"

Kwenye sinema ngumi hutua taya baada ya taya, usiku kucha, na asubuhi steringi anashika kikombe cha chai bila shida. Mkono wa mtu una vifupa vyembamba vingi, na fuvu ni mifupa migumu iliyoungana kulinda kilicho ndani. Vikikutana bila glavu, mara nyingi kinachovunjika ni mkono. Mfupa unaokwenda kwenye kidole cha mwisho ndio huathirika sana, na madaktari wanaujua uvunjikaji huo kwa jina la mabondia, ingawa wengi wanaoupata ni watu waliopiga ukuta au mlango kwa hasira. Zile glavu nene za ndondi watu hudhani zinamkinga anayepigwa. Kazi yake kubwa ni kuukinga mkono wa mpigaji, na ndiyo maana bondia anaweza kulenga kichwa raundi baada ya raundi.

Na ule mlio wa ngumi kwenye muvi? Unawekwa studio baadaye. Ngumi halisi mwilini haina kelele ya maana, utasikia zaidi mtu akikata pumzi. Ukija kututazama tukifanya kata, yale mapigo ya kupangwa ambayo mtu huyafanya peke yake, utasikia "pa! pa!" safi kabisa na utadhani ni nguvu zetu. Ni mkono wa gi, vazi letu la karate. Kitambaa kizito cha pamba kikinyooshwa ghafla hulia hivyo, na wanaonunua gi ya bei ghali wanalijua hilo, ndiyo sababu wanainunua. Kasi nayo ina ujanja wake: filamu huonyeshwa picha 24 kwa sekunde, na zamani mapigano mengi ya Hong Kong yalirekodiwa kwa picha pungufu kidogo ya hizo, ili zikichezwa kwa mwendo wa kawaida mikono ionekane inawaka.

"Basi waigizaji wote ni waongo"

Hapana, na huku ndiko wenzangu wa dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, hukosea. Mtu akishajua siri za kamera huanza kudharau: hao wanacheza ngoma tu, mimi ningemkalisha. Jet Li alikuwa bingwa wa taifa la China katika wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, kabla hajaigiza chochote, na filamu yake ya kwanza ilitoka 1982. Jackie Chan alipelekwa shule ya opera ya Kichina Hong Kong akiwa mtoto wa miaka kama saba, akakaa humo miaka kumi akijifunza sarakasi, kuimba na kupigana jukwaani, viboko vikiwa sehemu ya masomo. Katikati ya miaka ya 1980, akirekodi Yugoslavia, aliruka kushika tawi, tawi likakatika, akapasuka fuvu juu ya mawe. Tawi lilikuwa la kweli na mawe yalikuwa ya kweli.

Wanachokijua hao ni ufundi tofauti na wetu. Mimi hujifunza kumfikia mtu bila yeye kunielewa, wakati mwigizaji lazima aeleweke na mtazamaji aliyekaa benchi la mwisho kabisa. Teke lake linatoka mbali, juu, wazi, na yule mwingine analisubiri. Ukimleta kwenye mashindano yetu akapiga vile atapoteza pointi. Nikipelekwa mimi mbele ya kamera na mateke yangu ya chini chini, mtazamaji atauliza kama mechi imeanza.

Hapa kwetu ametokea mtu aliyeonja tofauti hiyo ulingoni. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alipewa Kombe la Val Barker kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote wa uzito wote. Na medali yake? Shaba. Ingekuwa muvi, mtu anayepigana vizuri hivyo angebeba dhahabu kabla ya majina kupita.

Mengine niyapitie haraka. Mguso wa siri unaoua baada ya siku kadhaa haupo, na Bruce Lee hakuuawa nao. Alifariki Hong Kong Julai 1973 kwa ubongo kuvimba, akiwa na miaka 32. Ninja mwenye nguo nyeusi ni wa jukwaani zaidi kuliko wa historia, maana jasusi mwenye akili huvaa kama mkulima au mchuuzi. Na kwamba mdogo mwenye mbinu humshinda mkubwa yeyote, hiyo ni kweli nusu. Royce Gracie, Mbrazili wa jiu-jitsu, aliwashinda watu wazito kuliko yeye kwenye mashindano ya kwanza ya UFC kule Denver 1993 kwa sababu hawakujua mapambano ya kukabana sakafuni. Walipojifunza, uzito ukarudi kuwa uzito, na madaraja ya kilo yakawekwa. Taekwondo ya Olimpiki ina madaraja hayo pia. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, aliiwakilisha Kenya Tokyo katika lile la zaidi ya kilo 67.

"Mwenye mkanda mweusi lazima ajiandikishe polisi"

Nimeambiwa hivi na watu wazima, kwa uhakika kabisa, hata na abiria mwenzangu ndani ya matatu ya Njoro. Ngumi si bunduki, haina leseni. Sheria inachotazama ni nguvu uliyotumia kujitetea na kama ililingana na hatari iliyokuwepo. Mtu akikusukuma nawe ukamvunja goti, mkanda hautakusaidia mbele ya hakimu.

Na mkanda wenyewe umepewa sifa zisizo zake. Ulianza kwenye judo ya Kano Jigoro, Japani, miaka ya 1880, kisha Funakoshi, mwalimu aliyeieneza karate Japani, akauchukua kwenye karate mwaka 1924. Rangi nyingi tunazozijua zilienea baadaye, hasa kupitia Kawaishi aliyefundisha judo Paris miaka ya 1930. Mweusi wa kwanza ni daraja la kwanza tu, na mengine yako juu yake. Anayeupata amethibitisha kwamba anajua vitu vya msingi na sasa anaweza kuanza kufundishwa kwa uzito.

"Mwenye kisu ananyang'anywa"

Steringi hushika kifundo cha mkono, anakizungusha, kisu kinaanguka. Sisi zoezi hili tunalifanya kwa kalamu ya ubao mweupe. Mwenzako anaishika kama kisu, wewe umevaa gi nyeupe, na kazi yake ni kukugusa tu. Hachomi mara moja halafu akaganda akusubiri umshike, kama anavyofanya adui wa kwenye muvi. Anatoa na kurudisha, anatoa na kurudisha, na mkono wake wa pili unakusukuma. Sensei akisema basi, jitazame: mstari mkononi, mitatu tumboni, nukta chini ya kwapa ambayo hata hukuisikia. Wenye mikanda ya juu huwa na mistari michache kuliko sisi, lakini sijamwona aliyetoka msafi. Wino ule hautoki kwenye pamba kirahisi, kwa hiyo gi zetu za Jumamosi zina madoa ya buluu ya kudumu.

Baada ya zoezi hilo mtu huuliza afanye nini basi akisimamishwa usiku na mwenye kisu anayetaka simu. Jibu la sensei ni fupi: mpe. Irushe pembeni, yeye aifuate, wewe ukimbie upande wa pili wenye watu na taa. Kesho yake unakwenda na kitambulisho, laini inarudishwa siku hiyo hiyo.