Saa Tatu Asubuhi si Saa ya Kupiga Dawa

Kila inapokaribia Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani, sisi maafisa nyuki tunapokea simu za aina mbili. Ya kwanza ni ya mkulima: alizeti yake ilichanua vizuri, vichwa kama sinia, lakini amevuna mapepe. Ya pili ni ya mwenye nyumba: nyuki wameingia darini, anauliza dawa ya kuwaua inauzwa wapi. Mara nyingine wote wawili wanatoka kijiji kimoja.

Nianze na mkulima. Mapepe hayo mara nyingi huja kwa kukosa nyuki wa kuchavusha maua. Hakuna anayeamka akakusudia kuua nyuki. Anakusudia kuua viwavi. Tatizo ni saa. Nyuki vibarua hutoka jua likishapata joto, na kuanzia saa 3 asubuhi shamba lililochanua limejaa wao. Ndipo bomba la mgongoni linapoingia. Nyuki aliyelowa hufa palepale. Aliyenusurika ndiye mwenye madhara zaidi, maana hubeba chavua na mbochi (maji matamu ya ua) wenye sumu hadi mzingani, wakalishwa watoto. Dawa ya unga ni miongoni mwa zilizo hatari zaidi: hunasa kwenye manyoya ya nyuki sawasawa na chavua, naye huibeba kwa bidii ileile.

Kama mmea umechanua na kunyunyiza hakuepukiki, nyunyiza jioni nyuki wakisharudi, yaani saa 12 na kuendelea, upepo ukiwa umetulia. Mjulishe mwenye mizinga angalau siku moja kabla. Na mtu asiniambie mizinga ya jirani iko mbali: nyuki husafiri kilomita 3 na zaidi kutafuta chakula. Kwa mwenye matikiti jambo hili ni zito zaidi. Ua la tikiti hufunguka siku moja tu, la dume na la jike yako mbali mbali, na nyuki asipopita siku hiyo, tunda halishiki au linakua limepinda.

Tunaambiwa sana, “Mimi natumia dawa ya asili.” Pareto ni ya asili, inalimwa Iringa na Mbeya, na inaua nyuki vizuri tu. Soma kibandiko. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na kuuza kisichosajiliwa ni kosa. Ile unayopimiwa kwenye chupa ya maji haina kibandiko, haina namba ya usajili, na hata ukija kulalamika hatuna pa kuanzia. Ukinunua, omba risiti, hakikisha chombo hakijafunguliwa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha tunza kopo hadi msimu uishe. Nyuki wakifa kwa wingi, kopo hilo na risiti ndivyo vitu vya kwanza tutakavyokuomba.

Sasa darini. Petroli, matairi na makuti ya moto si njia. Tumeona nyumba zikiungua nyuki wakabaki. Huko porini, mrina asali anayeacha kinga cha moto chini ya mti anaweza kuteketeza msitu mzima, na hapo Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inamhusu: kuna faini, kuna kifungo, na vyote viwili vinaweza kwenda pamoja.

Kundi linaloning'inia kwenye mwembe kama shada kwa kawaida lipo safarini. Likiachwa bila mawe ya watoto, mara nyingi huondoka lenyewe ndani ya siku chache. Kundi lililokwisha kujenga masega ni jingine. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, naye atawasiliana na afisa nyuki wa halmashauri. Eleza nyuki wako wapi hasa, wamekaa muda gani, kama kuna mgonjwa asiyeweza kutembea, na kama kuna mbwa au mbuzi waliofungwa karibu. Usikasirike ukiambiwa usubiri jioni. Nyuki huhamishwa giza likiingia, kwa sababu mchana sehemu ya kundi iko nje na itarudi ikukute wewe. Wakianza kushambulia watu, usisubiri mtendaji: ingieni ndani, fungeni milango, pigeni 114 kwa zimamoto. Mwiba ung'oe mara moja, hata kwa ukucha; harufu yake, inayofanana na ndizi mbivu, huwaita wengine. Aliyevimba uso au kubanwa pumzi akimbizwe hospitali.

Na wale weusi wadogo kama inzi, waliotoboa kijibomba cha nta ukutani, ni nyuki wasiouma. Waache.

Wauza juisi ya miwa wanalalamika kiangazi kuwa nyuki wanafukuza wateja. Nyuki hao wana kiu pia. Weka karai la maji lenye mawe na vijiti vya kutulia, wasizame, pembeni na biashara. Liweke kabla kiangazi hakijakolea, kwa sababu wakishazoea mahali ni shida kuwahamisha. Nyumbani, mlonge mmoja uani unatosha kuanzia kuwapa nyuki maua, na giligilani chache ziachwe zichanue badala ya kung'olewa zote.

Kwa mnunuzi wa asali: acheni jaribio la kiberiti na la siafu la kupima kama asali ni halisi, halithibitishi kitu. Muulize muuzaji imetoka kwenye mzinga wa aina gani. Mzinga wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti wa miombo kuuzunguka, na mti huo hufa, na maua yake yamekwenda nao.

Mwenye nyumba, la mwisho kwako. Nyuki wakishahamishwa, masega yote yatolewe, nta ikwanguliwe, tundu lizibwe kwa saruji wiki hiyohiyo. Harufu ya nta hubaki, na kundi jingine huifuata. Wapo tuliowahamishia nyuki mara tatu kwenye dari ileile, tundu likiwa bado wazi.