Je, wajua kwa nini hakuna tajiri anayeweza kuinunua Simba au Yanga nzima?

Jioni moja nilikuwa kwenye benchi la kahawa pale Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, ubishi ukazuka. Ulikuwa ule ule wa kila siku: timu ni ya nani? Kijana mmoja muuza viatu vya mtumba akamwambia mzee aliyeketi pembeni yangu, "Babu, Simba ni ya Mo. Nyie wengine mnapiga makofi tu." Mo ndiye Mohammed Dewji, tajiri aliyejitokeza kuwekeza Simba.

Mzee hakuwa na haraka. Alimalizia kahawa yake, akachomoa pochi, akatoa kadi ya uanachama iliyochakaa pembe, akailaza juu ya benchi karibu na sahani ya kashata. "Mjukuu wangu, mimi na wenzangu tuna asilimia hamsini na moja. Huyo Mo wako ana arobaini na tisa. Haya, hesabu umesoma, nani mkubwa?"

"Sawa Babu. Basi kesho kauze hilo fungu lako, utununulie kahawa kijiwe kizima."

Watu wakaangua kicheko, na mzee naye akacheka. Lakini kijana alikuwa amegusa penyewe. Inakuwaje mtu awe na mali asiyoweza kuiuza, na tajiri mwenye mabilioni ashindwe kuinunua?

Tuanze na asili ya hizi timu. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Waliozianzisha hawakuwa wanafungua biashara. Walikuwa vijana wa mjini waliotaka kucheza mpira na kuwa na pahala pa kukutania. Simba yenyewe haikuitwa Simba wakati huo. Ilipitia majina mengine, likiwemo Sunderland, mpaka 1971. Kisheria, klabu ya namna hii ni chama cha watu, sawa na chama cha kuzikana cha mtaani kwenu: kina katiba, ada, viongozi wa kuchaguliwa na mkutano mkuu. Sasa jaribu kumuuliza katibu wa chama cha kuzikana anakiuza shilingi ngapi. Atakutazama mara mbili. Turubai lina bei, masufuria yana bei, viti vya plastiki vina bei. Chama hakina. Huwezi kununua hisa zake kwa sababu hisa hazipo.

Ndivyo Simba na Yanga zilivyoishi kwa zaidi ya miaka themanini. Zimesajiliwa kwa Msajili chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, na mali zake, yakiwemo jengo la Simba pale Msimbazi na la Yanga pale Jangwani, ziko mikononi mwa wadhamini, si mwenyekiti. Mwenyekiti anakuja na kuondoka, jengo linabaki.

Hapa kuna jambo ambalo vijiwe vingi huliruka. Mwanachama na shabiki si mtu mmoja. Shabiki ni yule anayevaa jezi, anayegombana na mkewe Jumapili kwa sababu ya penalti ya Jumamosi, na anayesema "tumewafunga" ingawa yeye alikuwa amekaa kibanda umiza. Mwanachama ni yule mwenye kadi, aliyejiandikisha, anayelipa ada na kuhudhuria tawi lake. Mashabiki wamejaa nchi nzima. Wenye kura ni wachache mno ukiwalinganisha nao. Mtu anaposema "Yanga ni ya Wananchi", kwa hisia yuko sahihi kabisa. Kwa katiba, ni ya wananchi waliolipia kadi.

Na ada ya kadi haijawahi kulisha timu. Hilo ndilo donda la historia nzima.

Pengo lilizibwa na mtu ambaye kila mpenzi wa mpira wa Dar anamjua kwa cheo chake: mfadhili. Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kulala mbele ya Stella Abidjan ilikuwa na Azim Dewji nyuma yake. Yanga ikaja kuwa na Yusuf Manji. Mfadhili anasajili, analipa mishahara, anakata tiketi za ndege, ila kwenye karatasi hamiliki kitu. Hana hisa, hana hati, hana pa kudai. Hivyo siku akichoka au akichokwa, anaondoka na pochi yake na timu inaamkia njaa.

Yanga waliionja hiyo. Mwaka 2016 Manji alikuja na pendekezo la kuikodi timu na nembo yake kwa miaka kumi. Pendekezo halikufika mbali, na mwaka uliofuata akaachia uenyekiti wa klabu. Kilichofuata mnakikumbuka: bakuli. Kocha Mwinyi Zahera alisimama mbele akihimiza watu wachangie, watu wakatuma elfu mbili, elfu tano, wengine jero, na mwaka 2019 ikaandaliwa hafla ya kuchangia iliyopewa jina la Kubwa Kuliko. Watani wa Msimbazi walicheka mpaka mbavu zikauma. "Timu ya bakuli!" Mimi naona kicheko kile kilikuwa cha haraka. Sikumbuki kipindi kingine ambacho watu wa kawaida katika jiji hili walibeba timu kama wenye mali, kwa kutoa hela na si kwa kupiga kelele. Ila tuseme ukweli, bakuli halikuleta ubingwa. Misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, kombe lilikwenda Msimbazi.

Na Msimbazi nako kulikuwa na jambo lao. Mohammed Dewji alipojitokeza 2016 alitaka asilimia 51 ya Simba kwa shilingi bilioni 20. Angalia hiyo namba ya kwanza. Hakutaka kuwa mfadhili tena, alitaka kuwa mwenye timu. Wanachama walikutana 2017 wakakubali klabu iingie kwenye mfumo wa hisa, lakini serikali ikashikilia msimamo: klabu iliyoanzishwa na wanachama, asilimia 51 inabaki kwa wanachama, mwekezaji au wawekezaji wanaishia 49. Yanga nao wakapitisha mabadiliko ya katiba kwenye mkutano mkuu wa Juni 2021, kwa mgawanyo huo huo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chama hakiuziki, kwa hiyo kinaanzishwa kitu kinachouzika pembeni yake: kampuni. Kampuni ina hisa. Klabu, yaani chama kile kile cha zamani, inashika hisa 51 katika kila 100. Mwekezaji anaweka fedha na kushika 49. Bodi inaundwa na watu wa pande zote mbili, na kiongozi aliyechaguliwa na wanachama ndiye anayeketi pale kwa niaba yao.

Sasa turudi kwa mzee na kadi yake, tupige hesabu ya kijiweni. Kama asilimia 49 ni bilioni 20, basi kampuni nzima ni kama bilioni 40.8, na fungu la wanachama ni kama bilioni 20.8. Tuseme, kwa mfano tu, wanachama wangekuwa laki moja. Kila mmoja angekuwa na kama shilingi 208,000. Si haba! Inalipa kodi ya chumba Manzese miezi kadhaa.

Lakini hawezi kuzichukua, na sababu yake ndiyo jibu la kijana wa viatu. Zile hisa 51 hazikugawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Zimeshikwa na klabu kama fungu moja. Zingegawanywa, Babu apewe zake na jirani yake apewe zake, nini kingetokea? Mtu mwenye hela angetuma vijana wake wapite matawini na mfuko wa noti: "Mzee, laki mbili na nusu hii hapa, nipe karatasi." Mwezi wa ada ya shule, Januari, watu wangapi wangekataa? Kabla ya Pasaka timu ingekuwa na mwenye mmoja. Kutouzika kwa fungu la Babu ndiko kunakomzuia tajiri.

Wamarekani wana kitu kinachofanana sana na kadi ya yule mzee. Green Bay Packers, timu ya mpira wao ule wa kubeba mkononi, imekuwa mali ya watu wake tangu 1923. Walipouza hisa mara ya mwisho, 2021 hadi 2022, moja ilikuwa dola 300. Mnunuzi hapati gawio, wala hawezi kwenda kuiuza sokoni apate faida. Anapata karatasi, kura, na cha kujivunia ukutani. Watu zaidi ya laki tano wanazo.

Ujerumani ndiko kanuni hii ilikokomaa. Tangu 1998 wana sharti wanaloliita 50+1: klabu ya wanachama lazima ibaki na nusu ya kura na moja juu yake, hata mwekezaji alete fedha kiasi gani. Wolfsburg ya Volkswagen na Leverkusen ya Bayer ziliruhusiwa kuwa tofauti kwa sababu viwanda hivyo vilizilea toka zamani. Bayern Munich wamekwenda mbali kuliko sisi, kwani chama cha wanachama kinashika asilimia 75 ya kampuni, na Adidas, Audi na Allianz wamegawana robo iliyobaki. Na Wajerumani hawaitumii haki hiyo kwa adabu. Viongozi wa ligi walipopitisha mpango wa kuingiza mwekezaji mwishoni mwa 2023, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani, mechi zikawa zinasimama, wiki baada ya wiki. Februari 2024 mpango ukafutwa.

Huo ndio uzito halisi wa asilimia 51. Ni kufuli, usukani uko kwa mwingine. Inazuia timu isihamishwe, isibadilishwe rangi, isiuzwe usiku. Haimchagui kocha, haisajili straika, haiamui nani aanze Jumamosi.

Na afadhali. Kuna Waingereza walijaribu kuwapa mashabiki usukani wenyewe. Mwaka 2008 maelfu ya watu waliokutana kwenye mtandao, kila mmoja akitoa pauni 35, waliinunua klabu ndogo ya Ebbsfleet United. Mwezi Mei mwaka huo huo timu ikatwaa FA Trophy, kombe la timu za madaraja ya chini, pale Wembley. Ikaonekana miujiza. Wanachama walipigia kura mpaka kumuuza mshambuliaji wao, John Akinde. Kisha ikaja zamu ya kulipa tena, na wengi hawakurudi. Kutoka watu kama elfu thelathini wakabaki wachache, na mwaka 2013 klabu ikaenda kwa wamiliki wengine. Mtu wa Jangwani akisikia habari hii anaielewa bila mkalimani.

Si kwamba timu lazima iwe ya wanachama ndiyo iende. Azam, Wanalambalamba wa Chamazi, ni ya Bakhresa toka mwanzo; ilipanda ligi kuu 2008 na kuchukua ubingwa 2013/14 bila kupoteza mechi. Ina uwanja wake, kitu ambacho vigogo wa Kariakoo wenye miaka tisini hivi hawana kwa mechi kubwa, wanaingia Uwanja wa Mkapa ambao ni mali ya serikali. Prisons ni ya Magereza, KMC ya Manispaa ya Kinondoni. Mwenye timu hizo akiamua jambo, haitishi mkutano wa watu wanaopigana viti. Na tusijidanganye, viti vimepigwa. Mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970 ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzaa timu nyingine kabisa, Pan African, mwaka 1976, nayo ikaja kuwa bingwa 1982.

Kwa hiyo kijana na mzee wote walikuwa na hoja. Anayelipa mishahara ndiye anayesikilizwa Jumatatu asubuhi, na mwenye asilimia 51 ndiye wa kuulizwa siku ya mkutano mkuu. Swali la "bilioni ishirini zimeingia?" lililotawala vijiwe kwa miaka lilikuwa haki ya mzee yule kuliuliza. Kijana wa viatu, pamoja na jezi yake mpya, hakuwa na pa kulipeleka.

Niliichukua ile kadi nikaitazama vizuri, kwa ruhusa ya mwenyewe. Picha ilikuwa ya mtu mwenye nywele nyeusi.

"Babu, ada mara ya mwisho umelipa lini?" nikamuuliza.

Akainyakua, akairudisha kwenye pochi. Mwanachama asiyelipa ada si mwanachama hai, na asiye hai hapigi kura.

"Ligi ikianza nitalipa," akasema, kisha akamgeukia muuza kahawa. "Hebu ongeza kikombe. Huyu kijana atalipia."