Kupunguza tumbaku kijijini: yanayosemwa na yalivyo

“Shida ni sigara. Ugoro ni wa wazee tu, hauna neno.”

Ugoro ni tumbaku kamili. Majani makavu yanasagwa, kisha yanatiwa magadi, wala si kwa ladha tu. Magadi hupunguza uasidi, nikotini, kilevi cha tumbaku, ikapenya upesi kwenye ngozi laini ya pua au fizi. Ndiyo maana mbwiaji hushikwa na uraibu kama mvutaji. Humo pia mna nitrosamini, kemikali zinazoleta saratani ya kinywa. Anayeubandika kwenye jino bovu hupata nafuu ya muda, jino likiendelea kuoza.

Hapa ndipo wahudumu wa afya ngazi ya jamii hukosea. Wakiuliza “unavuta?” wanajibiwa hapana, tena kwa ukweli mtupu. Maswali ni matatu: unavuta, unanusa, unaweka mdomoni? Kisha tazama fizi na upande wa ndani wa mdomo wa chini. Baka jeupe lisilofutika, au kidonda kilichopitisha wiki 2 bila kupona, mpe rufaa.

“Tukiweka faini wataacha.”

Nchini Tanzania halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ila haianzi kazi siku ile watu walipoipigia makofi. Rasimu hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ukiruka hatua hiyo, mtu wa kwanza atakayegoma kulipa ameimaliza sheria yenu.

Tena msianze na mvutaji, anzeni na duka. Sheria ya nchi ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini babu humtuma mjukuu. Mtoto anarudi na sigara moja mkononi, pengine anaambiwa akaiwashe kwenye kaa jikoni. Sigara haishiki moto vizuri bila kuvutwa, kwa hiyo pafu lake la kwanza kalipata kwa utiifu. Makubaliano mawili yatoshe kuanzia: mtoto hatumwi tumbaku, na dukani haipangwi karibu na pipi.

“Akirudia, basi hana nia.”

Walioacha wengi walijaribu zaidi ya mara moja. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa nikotini, huwa kali siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu ikija, hupita kwa dakika chache: maji, kazi ya mikono, kuondoka kijiweni. Basi mhudumu apite siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 14. Anayesubiri mwisho wa mwezi atamkuta mtu amesharudia kitambo. Na tarehe ya kuacha isigongane na harusi wala siku ya mnada.

“Sisi ni wakulima wa tumbaku, tutaipingaje?”

Hata asiyevuta inamfikia. Majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, mvunaji akapata kizunguzungu na kutapika. Huko Migori, Kenya, tangu 2022 serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa wamewasaidia wakulima kuhamia maharage yenye madini mengi ya chuma. Mbegu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo ngumu, ni mnunuzi anayejulikana kabla ya kupanda.